Nakala Rudufu Isiyojaribiwa Haimlindi Mgonjwa

Mnamo tarehe 22 Juni 2024, wahalifu wa mtandaoni waliivamia mifumo ya Huduma ya Taifa ya Maabara za Afya ya Afrika Kusini, taasisi inayowapimia sampuli takriban asilimia 80 ya wananchi wa nchi hiyo, yaani wale wanaotegemea hospitali na zahanati za umma. Mashine za maabara hazikusimama. Sampuli ziliendelea kupokelewa, damu iliendelea kupimwa, na wataalamu waliendelea kuinamia hadubini zao. Kilichokatika ni njia ya majibu. Daktari aliyezoea kufungua kompyuta na kuona kiwango cha potasiamu cha mgonjwa wake alilazimika kusubiri simu, na simu hizo zilipigwa kwa majibu ya dharura.

Katika maelezo ya uongozi wa taasisi hiyo palikuwa na jambo moja ambalo kila mganga mfawidhi angefaa kulisoma mara mbili. Baadhi ya sehemu za mfumo zilikuwa zimefutwa, zikiwemo zilizokuwa kwenye seva ya nakala rudufu, na hivyo ilibidi zijengwe upya. Seva iliyowekwa kwa ajili ya uokoaji ilikuwa miongoni mwa majeruhi.

Nakala rudufu ni taarifa zilezile zilizonakiliwa na kuwekwa mahali pengine, ili za awali zikipotea kazi iendelee. Programu za kikombozi ni zile zinazoingia katika mtandao wa taasisi kwa siri, zikafunga mafaili yote kwa msimbo ambao ufunguo wake uko mikononi mwa mhalifu, kisha zikadai malipo. Kwa miaka mingi wataalamu wa TEHAMA walifundisha kwamba nakala rudufu ndiyo tiba ya programu hizo. Wahalifu nao walilisikia somo hilo. Hospitali yenye nakala nzima haina sababu ya kulipa. Kwa hiyo wao huanza kwa kuzitafuta nakala, wakazifuta au wakazifunga, ndipo wanapojitokeza kudai fedha. Hospitali inayojivunia kuwa na nakala, pasipo kujua ni nani anayeweza kuifuta wala ni lini ilijaribiwa mara ya mwisho, haijajikinga. Na kwa kuwa anayeumia ni mgonjwa, swali hilo haliwezi kuachiwa chumba cha TEHAMA peke yake.

Namna wahalifu wanavyozifikia nakala inaonekana vizuri katika mkasa wa Ireland. Tarehe 18 Machi 2021, mtumishi mmoja wa huduma ya afya ya umma nchini humo alifungua faili la Excel lililoambatanishwa na barua pepe ya ulaghai. Hakuna kilichotokea siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Wavamizi walitumia wiki nane kutembea ndani ya mtandao, wakikusanya nywila na kujipandisha cheo hadi kufikia mamlaka ya wasimamizi wa mifumo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 2021 walifunga kompyuta za hospitali kote nchini. Miadi ya wagonjwa ikaahirishwa, tiba ya mionzi ikavurugika, na wafanyakazi wakarejea kwenye kalamu na karatasi.

Serikali ya Ireland ilikataa kulipa. Baada ya siku chache wahalifu wenyewe waliutoa ufunguo bila malipo, na hata kwa ufunguo huo urejeshaji uliendelea hadi Septemba. Uchunguzi huru uliochapishwa Desemba 2021 uligusa kidonda chenyewe: miundombinu ya nakala rudufu ilihamishiwa kwenye kanda za nje ya mtandao mara mojamoja tu, na laiti ufunguo usingepatikana, yaelekea sehemu ya data ingepotea moja kwa moja. Taifa zima liliponea kwenye huruma ya majambazi. Hakuna mpango wa dharura wa hospitali unaoweza kuandikwa juu ya msingi huo.

Pengine msomaji aliye wodini atauliza haya yanamhusu nini. Oktoba 2020, hospitali kuu ya Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, ilipoteza kumbukumbu zake za kielektroniki kwa takriban mwezi mmoja. Wagonjwa wa saratani waliofika kupata dawa zao walirudishwa nyumbani, na wauguzi wakajaribu kuunda upya kutoka kichwani mipango ya tiba kemikali: dawa ipi, kiasi gani, mzunguko wa ngapi. Anayezijua dawa hizo anajua kwamba ukomo kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni mwembamba.

Tiba ya mionzi nayo iko hivyo hivyo. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa mionzi kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kompyuta ndiyo inayojua amekwisha kupata vipande vingapi, kwa pembe zipi na kwa kipimo kipi. Kompyuta hiyo ikifungwa katikati ya safari, mama hawezi kuanza upya, kwa sababu utumbo na kibofu chake vimekwisha kupokea mionzi. Wala hawezi kusubiri, kwa sababu tafiti zimeonyesha kuwa tiba ikivuka muda wake, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa kiasi cha asilimia 1 kwa kila siku inayoongezeka. Katika hali hiyo nakala rudufu ni sehemu ya dozi.

London ilijifunza somo kama hilo wiki chache tu kabla ya Afrika Kusini. Tarehe 3 Juni 2024, kampuni inayozipimia hospitali kadhaa kubwa za jiji hilo ilishambuliwa, na kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kukawa kwa polepole mno, hata wachangiaji wenye kundi O wakaombwa wajitokeze kwa wingi kwa kuwa damu yao ndiyo iliyoweza kutumika kwa usalama zaidi. Mwaka uliofuata, hospitali mojawapo ilithibitisha kwamba kuchelewa kwa jibu la damu katika kipindi hicho kulikuwa miongoni mwa sababu zilizochangia kifo cha mgonjwa mmoja.

Ni kejeli ya historia kwamba programu ya kikombozi inayotajwa kuwa ya kwanza duniani iliwalenga watu wa tiba. Desemba 1989, diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London, zikiwa na jina la taarifa kuhusu UKIMWI. Miongoni mwa waliopelekewa ni waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa huo. Kompyuta iliyopokea diski hiyo ilihesabu mara ambazo imewashwa, na ilipofika mara 90 ikayaficha mafaili na kudai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia. Tangu mwanzo, basi, aliyebuni hila hii alijua ni nani asiyeweza kumudu kusubiri.

Katika vituo vya Afrika Mashariki, si ajabu kukuta mpangilio ufuatao. Kuna seva chini ya meza ya masjala. Kuna diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva hiyo mchana na usiku, nayo hunakili kila kitu saa sita usiku. Nywila ya seva ndiyo nywila ya diski, na wanaoijua ni fundi, msaidizi wake, na pengine kijana aliyewahi kufanya mazoezi ya kazi hapo. Mpangilio huu unafaa siku seva inapoungua kwa umeme. Siku ya mvamizi haufai kitu, kwani kilichochomekwa ni sehemu ya kompyuta, na kompyuta ikifungwa nacho hufungwa. Wapo pia wanaodhani kwamba folda inayojioanisha na hifadhi ya mtandaoni ni nakala rudufu. Folda hiyo ni kioo: faili likiharibika hapa, huko nako linaharibika baada ya sekunde chache.

Kanuni ya zamani bado ina nguvu. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeipa umaarufu, akiwafundisha wenzake kutunza picha zao: nakala tatu, katika vihifadhi vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Inafaa kutambua kwamba alikuwa akiogopa moto, wezi na diski kuharibika. Hakuwa akimfikiria adui aliyemo ndani ya mtandao mwenye nywila halali. Kwa sababu ya adui huyo, kanuni imeongezewa masharti mawili: nakala mojawapo iwe haifikiki wala haibadilishiki, na urejeshaji uwe umejaribiwa bila kosa hata moja.

Nakala isiyobadilishika ni ile ambayo, ikishaandikwa, mfumo wenyewe hukataa kuifuta au kuihariri hadi muda uliowekwa uishe, hata anayeomba akiwa msimamizi mkuu. Kampuni za hifadhi za mtandaoni huuza huduma hiyo, na zipo seva zinazoweza kusimikwa hospitalini zikafanya kazi ileile. Uzuri wake ni kwamba haitegemei uaminifu wa mtu wala usiri wa nywila. Hata hivyo, muda huo uwekwe kwa akili. Wavamizi wa Ireland walikaa ndani wiki nane. Hospitali inayozuia ufutaji kwa siku 14 tu inampa mvamizi mvumilivu nafasi ya kuivuruga kazi ya kunakili kimyakimya na kungoja nakala nzima za mwisho zimalize muda wake. Saa ya mfumo nayo ilindwe, maana katika baadhi ya mifumo mhalifu anaweza kuisogeza mbele mwaka mzima ili kuudanganya ulinzi kwamba muda umekwisha. Tena, nakala zilizochukuliwa wakati mvamizi yumo ndani zinaweza kuwa na milango yake ya siri. Hivyo data za wagonjwa hurejeshwa juu ya seva zilizosafishwa na kusimikwa upya, si juu ya zilezile zilizovamiwa.

Kituo cha afya kisicho na fedha za mambo hayo hakijakosa njia. Diski tatu za nje zinazopokezana zinatosha kuanzia: moja imechomekwa usiku wa kunakili tu, ya pili imechomolewa na kufungiwa, ya tatu iko nje ya jengo. Diski isiyo na waya hakuna mhalifu wa mtandaoni anayeweza kuifikia. Mahali pa kuifungia papo tayari. Kila hospitali ina kabati la mofini na pethidini, lenye ufunguo unaoshikwa na mtu anayejulikana na daftari linalotiwa saini na watu wawili kila kinapotolewa kitu. Utaratibu huo ulibuniwa kwa sababu taaluma ya tiba ilikubali zamani kwamba kuna vitu ambavyo mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hapaswi kuvigusa peke yake. Ufutaji wa kumbukumbu za wagonjwa elfu kadhaa unastahili angalau heshima anayopewa mgonjwa kwa ampuli moja ya pethidini. Watu wawili, saini mbili.

Lakini lililo gumu zaidi ni jaribio, na hapa ndipo watu wa tiba wanapohitajika kuliko wanavyodhani. Jokofu la chanjo husomwa joto lake asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Jenereta huwashwa hata siku ambayo umeme haujakatika. Vifaa vya upasuaji havitumiki mpaka ionekane kuwa utepe wa otoklevu umebadilika rangi. Hakuna muuguzi wa chumba cha upasuaji anayekubali kuambiwa kwamba vifaa vimetakaswa kwa sababu mashine iliwashwa. Nakala rudufu, hata hivyo, hukubaliwa kwa ushahidi wa aina hiyohiyo: ujumbe wa kijani kwenye skrini unaosema kazi imekamilika. Ujumbe huo unathibitisha kwamba kitu fulani kimenakiliwa. Hauthibitishi kwamba kinaweza kufunguliwa, wala kwamba kilichomo ni kumbukumbu kamili.

Jaribio la kweli ni kuichukua nakala, kuirejesha kwenye kompyuta tupu iliyotengwa na mtandao, na kumketisha mbele yake mtu anayejua kumbukumbu ya mgonjwa inavyopaswa kuonekana. Fundi ataona kwamba jedwali limefunguka. Mfamasia ndiye atakayegundua kwamba safu ya mzio wa dawa iko tupu. Mtaalamu wa maabara ndiye atakayeona kwamba majibu yapo lakini vipimo vya kulinganishia havipo. Daktari wa mionzi ndiye atakayesema kwamba picha zimerudi lakini mpango wa tiba haukurudi. Zoezi hili lifanyike walau kila miezi mitatu, kwa mafaili machache yaliyochaguliwa bila mpangilio, na angalau mara moja kwa mwaka kwa mfumo mzima, huku saa ikihesabiwa. Muda uliopatikana uandikwe. Kama urejeshaji wa maabara huchukua siku nne, uongozi ujue hivyo kabla ya siku ya msiba, nao wahusika wa wodi waseme kama wanaweza kuishi siku nne bila majibu. Wao pia ndio wa kuamua ni saa ngapi za taarifa zinaweza kupotea bila madhara: kwa chumba cha wagonjwa mahututi hata saa moja ni nyingi, kwa takwimu za mwezi siku nzima inavumilika. Maamuzi hayo ni ya kitabibu, na fundi akiachiwa ataamua kwa kuangalia ukubwa wa diski.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo kwa kuwa haina kelele. Programu ya kikombozi hujitangaza. Anayebadilisha rekodi moja hajitangazi. Kundi la damu likigeuzwa kutoka O kuwa A, hakuna kengele itakayolia. Wakati mwingine mkono ni wa mtu wa ndani, anayeficha kosa la dozi au dawa zilizopungua stoo. Nakala za zamani zisizobadilishika ndizo shahidi wa pekee wa jinsi rekodi ilivyokuwa kabla, na kila faili linaweza kutengenezewa alama ya kidijitali, mithili ya alama ya kidole, ambayo hubadilika herufi moja tu ikiguswa. Alama hizo zitunzwe mbali na seva yenyewe. Na hata mfumo ukiwa salama, kipimo cha kulinganisha damu kando ya kitanda kisiachwe kwa sababu kompyuta imekwisha kusema.

Wapo watakaosema kwamba wahalifu wanatafuta hospitali tajiri. Programu iliyoitwa WannaCry, iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017, haikuchagua mtu. Ilijisambaza yenyewe kwa kila kompyuta ya Windows iliyokuwa na ufa uleule, na nchini Uingereza pekee iliathiri angalau taasisi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma, pamoja na kliniki 595 za madaktari wa familia. Kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Wengine watasema kwamba hali ikiwa mbaya wataomba fedha walipe. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani inayopitisha malipo ya matibabu ilivamiwa kupitia mlango ambao haukudai uthibitisho wa pili baada ya nywila. Mkuu wa kampuni mama aliliambia Baraza la Seneti kwamba shambulio lilifunga hata mifumo ya akiba, na kwamba kikombozi kililipwa. Kilikuwa dola milioni 22. Baadaye kundi jingine likajitokeza likidai kwamba data bado linazo.

Mkasa huo unaonyesha pia mpaka wa nakala rudufu: humrudishia daktari taarifa, lakini haizirudishi siri zilizokwisha kuibwa. Kwa sababu hiyo nakala zenyewe zifungwe kwa msimbo, na ufunguo wake usikae kwenye seva ileile. Diski inayosafiri kwenye mkoba wa mtu ikiwa wazi, yenye majina ya watu wanaoishi na VVU, ni hatari mpya iliyozaliwa na tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hazikuisamehe nakala kwa kuwa ni nakala.

Kwa upande wake mgonjwa, mara nyingi anachokisikia kuhusu mambo haya ni sauti ya dirishani: «Mama, subiri kidogo, mtandao unasumbua.» Kabla ya kompyuta alikuwa na daftari. Alilinunua dukani, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani yake kila daktari aliandika alichokiona na alichokitoa. Daftari hilo lililowa mvua, lilisahaulika kwenye daladala, na jirani mdadisi angeweza kulisoma. Lakini lilikaa nje ya jengo, halikuwa na waya, na hakuna msimamizi wa mfumo aliyeweza kulifuta. Vituo vilipoingia kwenye kompyuta vililiondoa kama alama ya unyonge, pasipo kuweka kitu kingine mahali pake.

Haihitajiki kurudi kwenye daftari la shule. Mgonjwa wa figo, wa saratani, wa kisukari, wa moyo, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu anahitaji karatasi moja tu inayochapishwa upya kila mpango wa tiba unapobadilika: ugonjwa, dawa na dozi, mzio, na majibu ya mwisho yenye uzito. Kundi la damu lililoandikwa humo halimwondolei mtu kupimwa tena kabla ya kuongezewa damu. Karatasi hiyo ihifadhiwe kama hati ya kiwanja. Kwa aliye na simu, picha yake inatosha, simu ikiwa na nywila. Mhudumu anayemaliza kuandika kwenye kompyuta hupoteza dakika moja kuichapisha, na mgonjwa ambaye hakupewa ana haki ya kuiomba kabla hajainuka kitini.